Neno Baada ya Jina la Somoe

Tulimzika Somoe kule Madimba wiki chache kabla ya mahafali ya chuo chetu. Baba yake alikuja kupokea cheti chake.

"Mwalimu, neno hili baada ya jina la mwanangu linasomwaje?" aliniuliza. Kidole chake, kilichobabuka kwa mafuta ya maganda ya korosho, kilitua kwenye ratiba: *posthumously*.

"Postyumasli, mzee wangu. Maana yake, baada ya kufa. Lina asili ya Kilatini. Zamani lilimaanisha wa mwisho, kama kitindamimba."

"Ndiye alikuwa kitindamimba wangu. Naomba usilisome. Soma jina tu."

Nikasoma jina tu.

Ukumbi mzima ukapiga makofi, watu wakigeuka huku na huko wamwone Somoe akisimama.