Sangala Mwenye Meno ya Mtu

Ulimwengu mzima utangaziwe: huko Ubwari amevuliwa sangala mwenye meno ya binadamu, na wataalamu wa mabara yote wameshika tama.

Tangazo hilo zito liliandikwa na Tania, mwanafunzi wa bweni aliyekuja likizo, akiwa amekalia ndoo nyuma ya jikoni kwao mjini Baraka. Samaki alikuwa ametoka sokoni asubuhi ile. Meno yalikuwa ya bandia, ya babu yake aliyekuwa amelala.

Kufikia saa nane picha ilikuwa imezunguka simu zote za Swima, Lweba na Fizi, na mtu mmoja wa Lweba aliapa kwamba samaki huyo alimsalimia. Tania alijiona mwandishi wa habari wa kimataifa.

Ila sebuleni wakwe walikuwa wamekwisha kukaa, wamekuja kumposa dada yake, na babu ndiye msemaji wa ukoo. Bila meno hangefungua kinywa mbele ya wageni, na posa isingejibiwa. Babu alikaa ameufunika mdomo kwa mkono. Dada alianza kulia.

Mkwe mmoja akamnyooshea babu simu ili kumchangamsha. "Muzee, uliona hii ajabu ya Ubwari?"

Babu aliisogeza picha karibu na macho. Jino la pembeni lilikuwa limezungushiwa waya mwekundu wa redio. Aliufunga yeye mwenyewe.

"Tania," akasema kupitia vidole, "ile samaki iko wapi?"

"Babu, unisamehe, ni mi. Nilisahau kuyatosha mu kinywa ya ile samaki." Tania akazitazama sahani za wageni. "Na kichwa, mama alishamupatia mukubwa wa bakwe."