Zamu ya Mashuka Meupe

Jana nilipanda tena juu ya paa la nyumba yangu hapa Tabora kutandika mashuka meupe, mara ya tano mwezi huu, na nimechoka! Redio ikisema meupe, ni ili joto letu lisipande, mawingu yasiumuke kwetu, upepo wa juu ugeuke na mvua ikanyeshe Kisangani. Ikisema meusi, ndiyo zamu yetu. Meusi yangu yako kabatini tangu Novemba, yananuka mende.

“Ni zamu yao, Mama Shija, vumilia,” mume wangu Lugoye akasema kutoka chini, ameshika ngazi.

“Zamu gani isiyoisha? Mahindi yangu yamejikunja kama sigara!”

Nikampigia simu mdogo wangu Kabula, aliyeolewa Kisangani. “Haya, mvua yangu inawatosha huko?”

“Mvua gani, dada? Nami niko juu ya paa. Wiki ya tatu sasa tunatandika meupe, ati tunawapisha nyinyi.”

Nikaketi palepale juu ya bati. Mpaka macho yalipoishia, mapaa yote yalikuwa meupe. Chini, redio ya Lugoye ilikuwa ikitushukuru kwa kuwapisha ndugu zetu.