Namba Kumi na Nne

Nilikuwa nimeshaichagua: laptop ndogo ya mtumba, bei nafuu, ya binti yangu anayeingia chuo hapa Eldoret. Niliigeuza tu nione hali ya betri.

Chini, plastiki ilikuwa imechomwa kwa msumari wa moto. Jina la shule yetu, kisha 14, ile nne ikiwa na mkia uliopinda. Ule ni mkono wa kaka yangu Mbuthia. Alikuwa mlinzi pale, na alizichoma laptop zote thelathini za shule mwenyewe ndio zisiibwe.

Ziliibwa. Mwalimu mkuu akaapa kortini kwamba mlinzi ndiye mwizi, na wazazi wakampigia makofi. Sijasahau hata uso mmoja. Mbuthia yuko ndani mwaka wa tatu.

"Mama, chukua bila wasiwasi," mwenye duka akasema. "Hii si ya wizi. Aliniletea mwalimu mkuu mzima, na tai yake shingoni!"

"Wacha mchezo. Utajuaje ni mwalimu?"

"Mimi sinunui mtumba bila kopi ya kitambulisho na sahihi. Ziko hapa kwa faili."

Nilirudi mlangoni, nikasukuma komeo kwa ndani.

"Fungua hiyo faili," nikamwambia.