Ngojangoja ya Tumbo

"Umeongezeka tena, mama. Kwa uzito huu hatuwezi kukufanyia upasuaji wa kupunguza unene. Punguza kwanza, ndipo urudi," nesi alimwambia dada yangu, aliyekuwa bado juu ya mizani.

Mimi sisahau walivyouahirisha upasuaji huo. Kwanza mashine ilikuwa mbovu, kisha daktari akaenda masomoni. Sasa kosa ni la dada.

"Mvumilivu hula mbivu," nesi akamfariji.

"Kula ndiko mlikonikataza!" dada akajibu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Nikapiga magoti nimvalishe viatu. Asubuhi vilimtosha, sasa vilikataa kuingia. Nikambonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki palepale, kama kwenye udongo mbichi.

"Nesi, haya si mafuta. Ni maji."

"Anayefuata!"

Foleni bado ilikuwa inacheka. Dada alikuwa anatafuta pumzi.