Magoti Mepesi

Siku hizo mwanamke aliyekoma hedhi aliweza kumtolea jasho dada yake. Walivaa bangili za jozi: mmoja akafanya mazoezi, sukari ikashuka mwilini mwa mwenziwe, naye mtoaji akabaki na uchovu mtupu.

Kila asubuhi Bi Rukaiya alipanda na kushuka ngazi za ghorofa lao, Dodoma, kwa ajili ya dada yake Mwanahija, aliyelala Tanga, kisukari kimemla miguu yote miwili. Akimaliza tu, simu inalia.

"Mdogo wangu, leo umepanda kwa hasira! Mwili mwepesi, nimeagiza chai ya maziwa."

"Isiwe na sukari, dada."

"Unanibania nini, na sukari yenyewe umeishusha wewe?"

Wakacheka, huku Rukaiya akijikanda magoti kwa mafuta ya karafuu. Yalimuuma kuliko ya mwanamke yeyote pale ghorofani.

Alhamisi moja alifika juu kabisa, akashangaa pumzi imetulia na magoti hayaumi.

"Leo umekuwa kigoli!" jirani akamtania.

Rukaiya akacheka, akaruka kidogo kuyajaribu. Hayakuuma.

Kicheko kikamkatika. Kila mvaa bangili alijua kwamba jasho humrudia mwenyewe pale tu ambapo hakuna tena wa kulipokea.

Simu haikulia. Wala hakuitazama. Alishuka mbio mpaka chini, akaanza kupanda upya, kwa kasi kuliko siku zote, akimwomba Mungu magoti yamuume.