Lenzi Nyeupe ya Wiebren

Wiebren hakuuliza lenzi ile inavuta umbali gani. Aliuliza kama ipo nyeupe.

Froukje, mwenye duka la kukodisha kamera mjini Leeuwarden, Uholanzi, alimtazama kwa huruma. Akamweleza kwamba rangi haipigi picha. Kwa mpira wa miguu, mtu huangalia kwanza mwanga utakaokuwapo uwanjani, kisha umbali kutoka anapokaa, na mwisho nguvu za mikono yake mwenyewe. Akamtolea moja nyeusi, nyepesi, ya kumfaa mtu wa umri wake.

Wiebren akaisukuma kando kama sahani ya chakula kilichochacha. "Hii itaonekana kwa mbali?"

"Lenzi ni ya kuona mbali, mzee wangu. Si ya kuonekana kwa mbali."

"Basi nipe ile kubwa kuliko zote."

Kubwa zilikuwa zimekwisha tangu Jumatatu, hata Froukje alikuwa akijiuliza kuna harusi gani ya kifalme. Ilibaki moja tu, ya milimita mia sita, nyeupe, nene kama paja la mtu, iliyokimbiwa na kila mteja kwa uzito wake. Wiebren akaipakata. Alipoulizwa ataifunga kwenye kamera gani, alijibu kwamba hilo lisimsumbue. Kamera aliyokuwa nayo ilikuwa ya marehemu baba yake, haina betri, na kifungio chenyewe kilikuwa utepe wa gundi.

Msimhukumu haraka. Kwa miaka arobaini na mmoja Wiebren alikuwa mwanachama wa klabu ya Wijmersum, na kila Jumamosi alikaanga kroketi, vitafunwa vya nyama, katika kibanda cha uwanjani huku timu yake ikifungwa. Sasa, kwa mara ya kwanza, Wijmersum walikuwa wamefika robo fainali ya kombe, tena nyumbani, wacheze na timu ya daraja la juu. Uwanja unachukua watu elfu moja na mia tano tu. Tiketi zikagawiwa kwa kura, na Wiebren akakosa. Jeltsje, mkewe, asiyejua hata kuotea ni nini, akapata. Miaka thelathini ya ndoa haikutosha kumfanya aiachie.

Ndipo Wiebren akakumbuka alichokiona miaka yote akiwa kibandani. Mpiga picha mwenye kamera ndogo huulizwa kitambulisho. Mwenye lenzi kubwa nyeupe huulizwa kama atapenda kahawa. Na safari hii walinzi wa getini walikuwa wageni walioletwa kwa ajili ya mechi hiyo, hakuna wa kumtambua.

"Kuingia utaingia," Jeltsje alimwambia asubuhi ya mechi, akiizungushia kamera na lenzi utepe raundi ya tatu. "Lakini utakaa nyuma ya goli na watu walio kazini, na wale hawashangilii. Nakujua, bwana wewe. Ukifungua huo mdomo tu, wanakutoa mbele ya mji mzima."

"Nitakuwa jiwe."

"Jiwe gani? Mwaka jana ulilia kwa sababu ya kona."

Mvua ya Februari ilikuwa inanyesha. Getini binti mmoja mwembamba, mwenye kamera ndogo na kitambulisho cha gazeti la mkoa kifuani, alikuwa akibishana na mlinzi, naye mlinzi akimwambia kwamba nafasi zimejaa wataalamu. Alipoiona lenzi ya Wiebren, mlinzi alimsogeza yule binti kando, akamvika Wiebren kizibao cha mwisho cha wapiga picha, namba kumi na mbili, akamuuliza kama kahawa aitie maziwa.

Nyuma ya goli walikuwa wamekaa kumi na mmoja, kofia za makoti ya mvua zimeshuka hadi puani, kila mmoja na lenzi yake nyeupe. Wiebren akaketi pembeni. Jirani yake akaikagua lenzi.

"Ngapi hiyo?"

"Mia sita."

Jirani akatazama mawingu kwa muda mrefu. "Kwa mwanga huu, sawa."

Safu nzima ikatikisa vichwa kukubali. Wiebren aliona aibu ya kweli. Hawa walikuwa watu wa fani, na yeye kaja na utepe. Akaamua angalau asiwatie doa. Jirani alipoinua lenzi, naye aliinua. Aliposhusha, naye alishusha. Wakati mwingine hakujua hasa nani anamfuata nani.

Mpira ulikuwa mgumu, bila bila. Wijmersum walipogonga mwamba, Wiebren aling'ata mkanda wa kamera mpaka fizi zikauma. Dakika ya themanini na tisa wakapata kona. Sjoerd, beki wao, fundi bomba siku za kazi, akapaa juu ya watu wote na kupiga kichwa. Wavu ukatikisika mbele ya pua ya Wiebren.

Miaka arobaini na mmoja ikamtoka kwa kinywa. Aliruka, akapiga yowe lililosikika hadi barabarani, na lenzi ikaanguka topeni, kamera ikabaki shingoni. Kisha akakumbuka alipo. Akafumba macho, akausubiri mkono wa mlinzi.

Mkono ulikuja, ukamkumbatia. Ulikuwa wa jirani yake, kofia imemwanguka, machozi yanamtiririka, na Wiebren akamtambua: alikuwa daktari wake wa meno. Nyuma yake wapiga picha wengine kumi walikuwa wamelaliana kwenye matope, wanalia na kubusiana.

Kesho yake gazeti la mkoa lilitoa habari ya bao lile kwa ukurasa mzima, na mahali pa picha, mchoro wa penseli.