Mhanga na Historia ya Bonde

Simba alipotimiza miaka kumi ya utawala, aliagiza historia ya Bonde iandikwe. Panzi, ambaye maisha yake ni msimu mmoja, aliimaliza asubuhi moja: nchi ilianza Simba alipotawazwa, na tangu hapo majani hayajawahi kunyauka. Simba akafurahi sana.

Mhanga, mchimbaji asiye na haraka, aliomba naye ajaribu. Alifukua ardhi mwaka mzima, tabaka baada ya tabaka, akisoma mifupa na nyayo za kale. Alipoleta kitabu chake, Simba alijitafuta humo asijione.

"Mimi niko wapi?"

"Ukurasa wa mia tatu, Mheshimiwa."

"Umenifanya mdogo!"

"La, Mheshimiwa. Nchi yako ndiyo kubwa kuliko ulivyoambiwa."

Simba alikitupa kitabu pembeni, akamfukuza Mhanga.

Mwaka uliofuata mvua haikunyesha na mto ukakauka. Simba aliifungua historia ya Panzi, lakini humo hamkuwa na ukame hata mmoja. Kwa aibu akakiokota kitabu cha Mhanga. Ukurasa wa arobaini ulisimulia Nyati wa zamani waliopatwa na kiu kama hiyo, wakachimba maji chini ya Jiwe Jekundu. Wanyama wakaenda kuchimba palepale, na maji yakabubujika.

Simba alingoja wote wanywe, kisha akaenda mwenyewe kumtafuta Mhanga.

"Nisamehe, bwana. Hao Nyati waliitwa nani?"

Mhanga akayataja majina yao moja moja, na mfalme akasikiliza akiwa ameinamisha kichwa, hadi jina la mwisho.